Mafaili 61 yanakataa kunakiliwa kwenye diski ya nje, naomba msaada

Mtunza Kumbukumbu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninatunza kumbukumbu za chama kidogo cha akiba na mikopo, na kompyuta ya ofisi ninayoitumia ina Windows 10. Ndani yake zimo kumbukumbu zetu tangu mwaka 2011: mihutasari ya vikao, barua zilizoingia na zilizotoka, fomu za mikopo zilizopigwa skani, pamoja na vitabu vya hesabu vilivyotengenezwa kwa Excel. Siku hizi kompyuta hiyo huzimika yenyewe katikati ya kazi, hivyo Mwenyekiti ameniagiza ninakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla haijafa kabisa.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilichagua folda zote, nikazinakili, nikazibandika kwenye diski ndani ya folda niliyoiita "Nakala ya Kompyuta ya Ofisi". Baada ya kama nusu saa likajitokeza dirisha linalosema kwamba jina la faili ni refu mno kwa mahali ninapolipeleka, likanitaka nijaribu tena au niliruke. Nimeruka mafaili 61, na nimeyaandika yote kwenye daftari. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mafaili hayo yanafunguka vizuri pale yalipo, na majina yake si marefu hata kidogo. Mojawapo linaitwa "Kikao cha Machi" tu. Urefu unaolalamikiwa uko wapi?

Jambo la pili ni majina yenyewe. Katika masjala ya karatasi nilizoea kuitambua barua kwa kumbukumbu namba yake, ambayo ina mikwaju (/), na kwa kichwa chake kinachoanza na "YAH:". Kompyuta inakataa mkwaju, inakataa na nukta mbili. Kila aliyenitangulia alibuni njia yake: mmoja aliweka kistari, mwingine nukta, mwingine aliacha namba akaandika maelezo marefu. Matokeo yake ni kwamba nikitafuta barua moja ya mwaka 2016 naweza kutumia saa nzima, huku mwanachama mwenye haki ya kuiona amekaa kwenye benchi akisubiri. Hilo linaniuma.

Mwisho, nimeona kwamba mafaili yaliyokwisha kunakiliwa yanaonyesha tarehe ya kuundwa iliyo baada ya tarehe ya kurekebishwa. Mkaguzi wa hesabu akiniuliza inawezekanaje faili lirekebishwe kabla ya kuundwa, nitamjibu nini?

Fundi Mitambo alijibu:

Ndugu Mtunza Kumbukumbu, pole kwa usumbufu. Urefu unaolalamikiwa si wa jina la faili peke yake, bali ni wa njia nzima ya kulifikia, kuanzia herufi ya diski, kupitia kila folda na kila mkwaju wa nyuma (\), hadi kiendelezi cha mwisho, yaani herufi zinazofuata nukta kama .xlsx. Kwa desturi ya Windows njia hiyo haipaswi kuzidi alama 260 (kila herufi, tarakimu au nafasi ni alama moja), na moja kati ya hizo hutumiwa na mfumo kuonyesha mwisho, kwa hiyo mtumiaji hubakiwa na 259. Jina la faili moja au folda moja linaweza kufika alama 255, na ndiyo maana watu huandika majina marefu bila kuonywa na yeyote, mpaka siku folda zinapobebana.

Sasa tazama kilichotokea kwako. "Nakala ya Kompyuta ya Ofisi" ina alama 27 ukihesabu na nafasi, na ukiongeza mkwaju wake zinakuwa 28. Faili ambalo njia yake ilikuwa na alama 240 lilifunguka bila shida mahali pake, lakini ulipolihamishia ndani ya folda hiyo njia ikafika 268. Faili halikubadilika; nyumba ndiyo iliyoongezewa ukumbi. Jambo hilihili hutokea mtu anapobadilisha jina la folda ya juu kuwa refu zaidi, kwa sababu mfumo hukagua folda hiyo tu, wala haushuki kuyakagua mafaili yaliyo chini yake.

Usitumie tena kunakili na kubandika kwa kazi hii. Windows ina amri yake iitwayo Robocopy, ambayo haizuiwi na kikomo hicho. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), kisha andika hivi, ukibadilisha majina ya folda yafanane na yako:

robocopy D:\Masjala E:\Masjala /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Sehemu ya /E inachukua folda zote za ndani, hata zilizo tupu. Usiache /R:1 na /W:1, kwa maana usipoziandika amri hii hujaribu faili lililokataa mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na kwa kompyuta inayozimika ovyo hutafika popote. Ikizimika katikati, iwashe na urudie amri ileile. Yaliyokwisha kufika salama yatarukwa. Ukikutana na ushauri wa kutumia /MIR, uwe mwangalifu sana, kwa sababu hufuta kwenye diski ya nje kila kisichokuwapo kwenye kompyuta.

Kuhusu tarehe, kunakili kwa kawaida huhifadhi tarehe ya kurekebishwa, ilhali tarehe ya kuundwa huwa ni ile saa nakala ilipozaliwa kwenye diski mpya. Mkaguzi mweleze hivyo, naye atakuelewa. Hata hivyo Robocopy huhifadhi zote mbili kwa mafaili, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitumia.

Yapo pia mabadiliko ya mwaka 2016, katika toleo la 1607 la Windows 10, yanayoruhusu kuondoa kikomo cha 260 kwenye mipangilio ya mfumo. Sikushauri uyategemee, kwa kuwa programu inayofungua faili nayo lazima iwe imeandikwa kuyakubali.

Karani wa Zamani alijibu:

Nimefanya kazi ya masjala ya karatasi kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa kompyuta, kwa hiyo nitajibu la majina.

Mkwaju na nukta mbili zina kazi nyingine. Nukta mbili hutenganisha herufi ya diski na njia. Mkwaju wa mbele ulikuwa tayari unatumika katika amri za MS-DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, kabla toleo la 2.0 la mwaka 1983 halijaleta folda, ndipo mkwaju wa nyuma ukachukuliwa kutenganisha folda hizo. Alama zilizozuiwa ni tisa: \ / : * ? " < > |. Namba ya barua yako iandike kwa kistari mahali pa mkwaju, siku zote, bila kubadilisha. Neno "YAH" liache kabisa, maana barua zote zinalo na halitofautishi chochote.

Anza kila jina kwa tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: "2016-03-14 AM-12-07 Maombi ya mkopo". Ukiandika siku kwanza, barua zote za tarehe mosi za miaka yote zitakaa pamoja, na hapo ndipo saa nzima inapopotelea. Wala usirudie kwenye jina la faili kile ambacho folda imekwisha kukisema. Nimewahi kukuta folda iitwayo "Mihutasari ya Vikao vya Kamati ya Mikopo", yenye alama 40, ndani yake folda nyingine yenye maneno yaleyale pamoja na mwaka, na ndani yake tena mafaili yanayoanza kwa maneno hayohayo. Jalada la karatasi lilikuwa na namba fupi juu na folio, yaani namba ya kila karatasi, ndani, na karani yeyote alilipata hata kama aliyelifungua amekwisha kustaafu. Andika ufunguo wa ukurasa mmoja unaoeleza kila kifupisho, uuweke kwenye folda ya juu kabisa.

Mhasibu Msaidizi alijibu:

Ninakubaliana na waliotangulia, lakini naomba Ndugu Mtunza Kumbukumbu asibadilishe jina lolote leo. Amesema vitabu vya hesabu ni vya Excel. Ikiwa kitabu kimoja kinavuta salio kutoka kitabu kingine, kiungo hicho kimeandikwa kwa njia ya faili, na ukibadilisha jina la faili au la folda, Excel haitakipata tena. Hatari ni kwamba salio la zamani linaweza kubaki likionekana kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Nakili kwanza kama yalivyo. Kisha tenga nakala moja isiyoguswa, ufanyie marekebisho kwenye nakala ya pili. Barua na mihutasari unaweza kuanza nayo bila hofu. Vitabu vya hesabu viache mwisho, ufungue kimoja kimoja, ukague viungo vyake katika orodha iliyo kwenye ukurasa wa Data, na uelekeze upya kila kilichokatika kabla ya kukifunga.

Mtunza Kumbukumbu alijibu:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Jana jioni niliendesha amri hiyo. Kompyuta ilizimika mara mbili, nami nikairudia kama nilivyoelekezwa. Kati ya mafaili 61 yamepita 59. Mawili yaliyobaki yalikuwa vitabu vya hesabu vilivyofunguliwa na mwenzangu wa dirisha la pili. Alipovifunga, vyote viwili vikapita. Nimelinganisha ripoti na daftari langu, mstari kwa mstari.

Mwenzangu mmoja ana swali dogo: video ya Mkutano Mkuu, yenye ukubwa wa GB 5, inakataa kuingia kwenye flashi ya GB 32 iliyo karibu tupu.

Fundi Mitambo alijibu:

Flashi hiyo bila shaka imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni kubwa. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha iandae upya (format) kwa mpangilio wa exFAT, na video itaingia. Vitabu vya hesabu usiviweke kwenye flashi kama nakala pekee, kwa sababu faili linalofutwa kwenye flashi haliendi kwenye pipa la taka, na siku ukilifuta kwa bahati mbaya hutakuwa na mahali pa kulirudisha kutoka.