Eti "nani yuko jela?" Leo nimedhalilishwa kwenye maiki mbele ya basi zima na SINYAMAZI

MamaWawili_Houston (mwanzisha uzi)

Wakuu nivumilieni, naandika mikono bado inatetemeka, nimeshuka kwenye basi hata viatu sijavua. Mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja, kila Mswahili wa hapa Houston aliyewahi kupanda basi la jumuiya anamjua, yule mwenye maiki. Yule ambaye akishaishika haiachi mpaka betri ife, msiba wako yeye, harusi yako yeye, kipaimara cha mtoto wako yeye, siku ya kiama ataomba dakika mbili atoe matangazo.

Leo ilikuwa ile safari ya San Antonio, masaa matatu kwenda matatu kurudi. Tangazo lilisema bustani ya maji, watoto wataogelea, njooni na nguo za kubadilisha. Nikalipia watu watatu, mimi na wanangu wawili. Hakuna mahali palipoandikwa nyangumi. Tunaingia mjini ndo anasoma ratiba, kumbe kitu cha kwanza kabla hata ya kuogelea ni onyesho la orka, wale weusi wenye mabaka meupe, wote tukae majukwaani tupige makofi. Nikainuka nikamfuata pale mbele, nikamwambia kwa adabu kabisa, kaka sisi humo tusihesabu, tutawasubiri kwenye mabembea, sitaki wanangu wajifunze kushangilia kiumbe aliyefungwa. Basi. Sauti ya chini, hata wa siti ya pili hakusikia.

Akachukua maiki.

"Jamani kuna mama hapa anawaonea huruma samaki. Mama, yule nyangumi anakula bure, analala bure, daktari bure, hajui bili ya umeme inafananaje. Wewe unapiga shifti mbili na renti ya mwezi huu hujamaliza. Sasa hapo nani yuko jela?"

Basi likalipuka. Dereva alicheka mpaka nikaogopa tutaingia mtaroni. Kuna mzee kule nyuma alikuwa amelala tangu tunapita Katy akaamka ili acheke.

Na renti yangu aliijuaje? Kwa sababu mwezi jana NILIMPIGIA MWENYEWE nikamwomba mchango wa kikundi nichelewe wiki mbili, nikamweleza shida yangu kama ndugu. Akaikunja akaiweka mfukoni, leo akaitoa kwenye maiki mbele ya wanangu. Mkubwa ana miaka tisa, anaelewa renti ni nini. Akanitazama tu. Nani yuko jela!

Mabembea yenyewe sikuyafika, mdogo alishakimbia na wenzake wakaingia, ikabidi nimfuate. Nikamkuta kwenye kile kioo cha chini unapowaona wakiwa ndani ya maji. Kulikuwa na dume moja. Pezi la mgongoni, ambalo kwa dume aliyekomaa husimama karibu urefu wa mtu mzima, limelala upande mzima kama sikio la mbuzi. Baharini hilo ni jambo la nadra, kwenye matangi madume makubwa karibu wote ndivyo walivyo. Anakuja, anapita kioo, anageuka, anarudi, upande uleule, mwendo uleule. Mwanangu akaanza kuhesabu mizunguko. Alifika thelathini na moja nikamshika mkono nikamwambia twende. Akaniuliza mama, anatafuta mlango? Mi nikashindwa kumjibu, na juu huko muziki unapigwa na watu wanashangilia.

Ningekuwa na maiki mimi ningemwambia hivi. Agosti 1970 kule Penn Cove, jimbo la Washington, watu walikuja na boti na mabomu wakaswaga kundi zima la orka mpaka kwenye hori, ule mkono mwembamba wa bahari, wakatega nyavu, wakachagua watoto kwa sababu watoto ni wepesi kusafirisha. Wengine walinasa kwenye nyavu wakazama. Na mnajua walizifanyaje zile maiti? Walizichana matumbo wakajaza mawe wakafunga na nanga ili zisiibuke watu wakajua. Mwezi Novemba zikaibuka. Mmoja wa watoto waliouzwa siku zile ni Tokitae, ambaye Miami walimwita Lolita, akawekwa kwenye dimbwi la mita 24, yeye mwenyewe ana mita 6, yani urefu wake mara nne umefika ukutani. Mwenzake Hugo alikuwa anajigonga kichwa ukutani, akafa 1980, mshipa wa ubongo ulipasuka. Yeye akabaki bila orka mwingine hata mmoja mpaka Agosti 2023, akafa wakati mipango ya kumrudisha kwao ndo imetangazwa mwaka uleule. Miaka 53! Hiyo ndiyo "analala bure"?

Na orka mwingine, Tilikum, alikamatwa Iceland 1983 akiwa mtoto wa kama miaka miwili. Akahusika na vifo vya watu watatu, 1991, 1999 na 2010, wa mwisho ni mwalimu wake mwenyewe aliyekuwa anampenda. Watu wakasema si unaona, muuaji. Baharini huko hakuna rekodi ya uhakika ya orka kuua mtu hata mmoja. Mmoja! Wanaanza kuua tukishawafungia halafu sisi ndo tunashangaa.

Hawa ni viumbe ambao kwenye makundi mengine dume mzima anaishi na mama yake mpaka kufa. Mnamkumbuka yule mama orka wa 2018, mtoto wake alikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, akambeba juu ya maji siku 17. Siku kumi na saba amebeba maiti ya mwanae. Hapo San Antonio penyewe orka anaitwa Takara alizaa Aprili 2017, mtoto wakamwita Kyara, Julai akafa na nimonia, miezi mitatu tu. Na Takara mwenyewe alishatenganishwa na mama yake San Diego akapelekwa Orlando.

Halafu mwanaume mzima na suti yake anashika maiki anauliza nani yuko jela. Mimi nikitaka kuondoka Houston kesho naondoka, nitalala kwa dada yangu Dallas, nitalala garini. Mimi nina MLANGO.

---

dagaa_mkavu

Nimesoma yote. Swali langu ni moja, renti umeshalipa?

---

Bi Mkubwa wa Alief

Dagaa acha ujinga. Mwanangu pole sana. Huyo bwana hata mimi alinitoa kwenye maiki siku ya arobaini ya mume wangu, akasema tumshukuru mjane, leo sambusa zimekuwa kubwa kuliko za msiba uliopita. Mbele ya masheikh.

---

Fundi Bomba

Sambusa 😭😭😭 nilikuwepo. Lakini zilikuwa kubwa kweli.

---

Mwalimu wa Bayolojia

Marekebisho kidogo, orka si nyangumi hasa, ni wa familia ya pomboo, ndo mkubwa kuliko pomboo wote. Jina la nyangumi muuaji linachanganya watu.

---

MamaWawili_Houston

Mwalimu, pomboo au nyangumi, ana mama. Tusikwepe mada. Aliniuliza nani yuko jela MBELE YA WANANGU.

---

kijana_wa_moshi

Ngoja kwanza, mtoto aliitwa Kyara? Hilo mbona jina la kwetu! Mchaga kafia Texas na hakuna aliyetangaza mchango?

---

dagaa_mkavu

Mchaga angeshindwaje kutoka kwenye dimbwi, angefungua duka humohumo.

---

Mzee Kombo

Tuwe wakweli. Mimi nimefanya kazi ya usafi sehemu kama hizo, sisemi wapi. Samaki wanaopewa wanapimwa, kuna daktari saa zote, wanatunzwa kuliko wagonjwa wa hospitali zetu. Na hao waliozaliwa humo bahari hawaijui. Mkimtupa baharini atakufa. Si mlimwachia yule Keiko, orka wa ile filamu ya Free Willy? Katoka 2002, Desemba 2003 kafa Norway na nimonia. Huruma nyingine ni kuua.

---

MamaWawili_Houston

Shikamoo mzee wangu. Keiko alikamatwa mdogo, akakaa Mexico kwenye dimbwi la maji ya vuguvugu miaka na miaka, ngozi imeota vidonda, na bado alipoachiwa alivuka bahari kutoka Iceland mpaka Norway kwa mapezi yake. Lile pezi lake la mgongoni lililala, sawa, ila aliogelea. Na hakuna anayesema tuwatupe baharini kesho asubuhi. Zipo hori zinaweza kuzungushiwa nyavu, wakae kwenye maji ya chumvi ya kweli, wasikie mawimbi, walishwe, watibiwe, wasichezeshwe. Ile ahadi ya 2016 ya SeaWorld, hao wenye bustani, ya kuacha kuwazalisha naijua, niliifurahia sana, lakini walioko ndani bado wako ndani na wana miaka mingi mbele yao. Mzee, umesema wana daktari saa zote. Wana meno yamelika mpaka kwenye kiini kwa kutafuna zege na vyuma vya mageti, hilo nalo daktari analitibu, analitoboa na kuliosha. Orka gani huru anatafuna zege?

---

Mzee Kombo

Marahaba. Hilo la meno nimeliona kwa macho yangu, siwezi kulikataa.

---

njo_goma

Mama pole sana. Ule mutu ye njo alikula makuta yangu ya safari ya mwezi wa kumi na mbili. Bibi yangu alikuwa mugonjwa hatukuenda, aliniambia atanirudishia. Mpaka leo hata dola moja. Nikimupigia anasema niko kwenye mkutano. Mkutano gani wa miezi minane?

---

Wanjiku_Katy

NA MIMI! Ile ya Desemba alisema hoteli ina brekifasi. Brekifasi ilikuwa ndizi moja na maji. Ndizi tuligawana.

Kuhusu nyangumi mi nakuunga mkono dada. Kwetu Watamu kuanzia Julai mpaka Septemba wanapita wale wa nundu, wametoka Antaktika kuja kuzalia maji ya joto. Unawaona bure, wanaruka wakitaka. Siku wasipotaka unarudi nyumbani na hiyo ni haki yao.

---

mkizimkazi

Wanjiku sema taratibu. Kwetu Kizimkazi wako baharini huru, lakini nenda asubuhi uone boti kumi na tano zinamfukuza pomboo mmoja na mtoto wake, kila nahodha anataka mgeni wake aruke majini kwanza. Pomboo akizama tu wanamzunguka kule atakapoibukia. Tangi hakuna ila kupumua pia hakuna.

---

MamaWawili_Houston

Mkizimkazi umenigusa, mimi kwetu ni hukohuko, nimewaona pomboo kabla sijaona televisheni. Babu yangu akiwakuta njiani alikuwa anashusha tanga anawasubiri wapite. Na hizo boti nimezikuta nilivyorudi mwaka juzi, nililia. Hilo nalo lisemwe, tena kwa nguvu. Lakini jamani turudi kwa huyu mtu. Alikuwa na maiki, mimi sikuwa na kitu. Alijua renti yangu kwa sababu NILIMWAMINI.

---

Toronto_ndo_kwetu

Huku Kanada sheria ilipita 2019, hakuna kuwafuga nyangumi na pomboo kwa maonyesho wala kuwazalisha. Waliokuwepo tayari ndo walibaki. Orka wa mwisho alikuwa Kiska pale Niagara, alizaa watano na wote wakafa, akakaa peke yake miaka zaidi ya kumi, naye akafa Machi 2023. Ila sasa na huku renti usiulize. Chumba kimoja cha chini ya nyumba, dirisha liko usawa wa miguu ya watu.

---

Fundi Bomba

Toronto mnalipa ngapi?

---

Toronto_ndo_kwetu

Kaka nikiitaja utafikiri nimekosea sifuri.

---

Bi Mkubwa wa Alief

Na leo chakula kilikuwaje humo kwenye basi? Maana mara ya mwisho ile biriani nyama tulikuwa tunaisikia harufu tu.

---

mama_chapati_Westheimer

Bi mkubwa, ILE BIRIANI SIKUPIKA MIMI. Naona watu wanasambaza jina langu. Mimi niliombwa biriani ya watu hamsini, nikaletewa kuku wawili. WAWILI. Nikamwambia hii hapana, akaenda kumpa mtu mwingine. Muulizeni hela za kuku zilienda wapi.

---

njo_goma

Njo mule zilienda na makuta yangu.

---

kijana_wa_moshi

Pendekezo: tuunde kamati ya kudai hela zote, za Desemba na za kuku. Mimi najitolea kuwa mweka hazina.

---

Wanjiku_Katy

Wewe mweka hazina? Bado unanidai nikulipie soda ya Krismasi au mimi ndo nakudai wewe?

---

MamaWawili_Houston

Nimewalaza watoto. Mdogo kachora lile dume kwenye daftari, kamchorea mlango, tena mkubwa, una kitasa na namba kama ya fleti yetu. Nimeubandika kwenye friji. Sijui nilie au nifanye nini. Na yule mtu katuma picha za safari kwenye grupu, kaandika "siku ya furaha, asanteni wote", na mimi nipo nyuma pale kwenye kioo, macho mekundu.

---

dagaa_mkavu

Dada kwa hilo la mchoro nafuta ile yangu ya juu. Samahani.

---

Fundi Bomba

Grupu gani hilo la picha? Mbona mimi simo? Alinitoa?

---

mama_chapati_Westheimer

Alimtoa kila mtu aliyeuliza kuhusu kuku.

---

Mzee Kombo

Samahanini nauliza, basi la harusi ya Dallas Jumamosi linaondoka saa ngapi?

---

Wanjiku_Katy

Saa kumi na mbili asubuhi mzee, pale pale parking ya duka la nyama. Beba chakula chako.