Nimebadilisha pedi za breki mwenyewe, tairi moja linachemka. Niendelee au nisalimu amri?

SpanaTatu

Wakuu, naombeni msaada. Wa kunicheka anicheke, ila anijibu kwanza.

Jumamosi nimebadilisha pedi za breki za mbele kwa mkono wangu, mara ya kwanza maishani. Gari ni dogo, injini ya lita 1.5, mbele lina diski na nyuma dramu. Video niliyoangalia inasema kazi ni ya dakika 40. Mimi nimeanza saa 3 asubuhi nikanyanyuka saa 9 alasiri, mgongo umekufa ganzi na kucha nyeusi tii.

Kushoto kumekubali. Kulia ndiko kwenye balaa. Nikitembea kama kilomita 10, rimu ya kulia inakuwa ya moto mkono hauwekeki, ya kushoto vuguvugu tu. Kuna harufu ya kuungua, na gari linavuta kulia hata kama sijagusa breki.

Nilivyofanya ni hivi: nililegeza nati tairi likiwa bado chini, nikapiga jeki, nikaweka na stendi (chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake siingizi hata mguu). Nikafungua kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), nikafungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, nikairudisha pistoni ndani kwa klampu polepole huku nachungulia kopo lisifurike. Nikachomoa pini, nikazisafisha, nikazipaka grisi ya breki, nikaweka pedi mpya, nikafunga. Kabla sijaondoka nikapampu pedali mpaka ikawa ngumu. Hakuna kinachovuja popote.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda gereji. Mwaka jana taa ya injini iliniwakia kwenye dashibodi. Fundi akachomeka mashine yake, ikatoa namba P0171, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Tukabadilisha. Taa ikarudi. Akasema plagi. Tukabadilisha. Ikarudi. Akasafisha nozeli za petroli, ikakaa kimya siku nne, ikarudi. Kuja kubadilisha chujio la hewa mwenyewe, nikaikunja ile hozi nene inayotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye injini, ikafunguka mdomo kwa chini: ufa wa urefu wa kidole, ukiiangalia kwa juu huuoni. Hozi mpya, taa ikazima, mpaka leo. Ndiyo siku niliyonunua spana.

Sasa nauliza: niendelee kutafuta mwenyewe, au hapa ndipo mwenye gari anatakiwa kunyoosha mikono?

AbiriaWaMbele

Nyoosha mikono. Redio ikikushinda, utasafiri kimya. Breki zikikushinda, unakwenda na watu ambao hawakuwa kwenye hiyo video yako. Breki, usukani na mifuko ya hewa si vitu vya kujifunzia.

BiRacheti

Kaka, pole, na hongera kwa stendi. Wengi huwa wanaikumbuka wakishaona gari limeinama.

Abiria, nakuelewa, lakini usiseme kama vile kila aliyevaa ovaroli hakosei. Mimi gereji moja walinizungushia matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, nikaondoka. Baada ya muda nasikia tok, tok, tok, nikipunguza mwendo nayo inapungua. Nikadhani jiwe limenasa kwenye tairi. Kushuka nikashika nati za tairi la nyuma kushoto: kati ya tano, tatu zinazunguka kwa vidole. Kwa vidole! Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba "nimefunga" na "nimekaza" ni maneno mawili tofauti. Sasa nina spana yangu ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kitabu cha gari langu kinasema 103 kwa kipimo cha Nm, nakaza kwa kurukaruka kama nachora nyota, siendi kwa mduara, na nikishatembea kidogo narudia kuzikagua.

Lakini na mimi nina dhambi yangu. Niliwahi kufungua plagi injini ikiwa ya moto, kwa haraka zangu. Silinda hedi ni ya alumini. Plagi ya tatu ikatoka na nyuzi za tundu lake, ile mistari ya kukazia, inametameta kama vumbi la fedha kwenye soketi. Nilikaa chini kabisa. Fundi aliyeniokoa alitoboa upya akaingiza nyuzi za chuma, hakunisema hata neno moja, na hilo ndilo liliuma zaidi.

Kwa hiyo mimi oili, machujio, betri, plagi (injini ikiwa ya baridi!) na pedi nafanya mwenyewe. Mkanda wa taimingi siugusi, maana kwenye injini nyingi ukikosea meno mawili matatu, valvu na pistoni zinakutana. Na springi za shokapu naziogopa. Ile springi imebanwa inasubiri tu uteleze.

Swali lako la rimu ya moto nawaachia wanaojua. Ila gari liegeshe kwanza.

FundiMzee

Kijana wangu, kabla sijakuambia lolote nijibu swali moja. Zile pini mbili za kalipa, zinazofanya iteleze, ulizichomoa zote kwa pamoja au moja moja? Na je, zinafanana?

SpanaTatu

Shikamoo mzee. Kulia nilizichomoa zote mbili, nikaziweka kwenye kitambaa kimoja. Zilikuwa zinafanana... nilivyodhani. Sasa umeniuliza, roho imeanza kudunda. Kushoto nilichomoa moja, simu ikaita, nikairudisha kwanza ndiyo nikapokea.

FundiMzee

Marahaba. Basi hiyo simu ndiyo iliyokutengenezea upande wa kushoto.

Kwenye kalipa nyingi za aina hiyo pini mbili hazilingani. Moja ni chuma kitupu, nyingine ina raba fupi kwenye ncha, au imepunguzwa kidogo ubavuni. Kila moja ina tundu lake. Ukizibadilishana zinaingia, bolti zinakaza, kila kitu kinaonekana sawa. Ila kalipa haitelezi tena. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, kalipa inajivuta kuileta ya nje. Ukiachia, hairudi. Pedi inabaki inabusu diski safari nzima, na hapo ndipo moto unapotoka.

Usiliendeshe hivyo. Moto huo ukifika kwenye mafuta ya breki yanachemka, na mvuke unabonyea, utakanyaga pedali mpaka sakafuni. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, ya DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta hayo yanafyonza unyevu hewani, kwa hiyo yaliyokaa miaka kwenye gari hayafiki huko.

Na usifungue ukiwa na jibu langu tu kichwani, maana naweza kuwa nimekosea. Tairi likiwa juu na limeshikilia, fungua kidogo ile nipeli ya kutolea upepo, uweke mpira na chupa. Mafuta yakiruka na tairi likaachia palepale, basi presha imenaswa: mara nyingi ni hozi ya breki imevimba kwa ndani, inapitisha mafuta kwenda lakini kurudi hairuhusu. Lisipoachia, ni pini au pistoni. Ukishaifungua hiyo nipeli, ujue umekaribisha hewa, lazima utoe upepo baadaye. Kama hujawahi, anza na pini, hazihitaji kugusa mafuta.

Kuhusu P0171 yako, mwenzangu alikosea, sitamtetea. Namba ile inasema hewa imezidi petroli, na sensa ya oksijeni ndiye mtoa taarifa. Alimpiga mjumbe. Ila na nyinyi wenye magari mnatuletea kesi za ajabu. Mtu anakuja na gari limevutwa, na vipande vya gia boksi kwenye ndoo, anasema "limebaki kuunganisha tu." Boliti tatu hajui zilikotoka. Kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili, na ukimwambia hivyo anadhani unamkomoa.

Grisi uliyopaka ni ipi? Kama ni ya beringi, futa yote. Inavimbisha raba.

SpanaTatu

Grisi ni ya breki kweli, imeandikwa silikoni. Kesho alfajiri nazama.

AbiriaWaMbele

Mimi bado nasema gereji. Lakini mzee, hiyo ya kumpiga mjumbe nimeichukua.

SpanaTatu

Mrejesho, wakuu.

Mzee, ulikuwa kama umesimama nyuma yangu. Sikuhitaji hata kugusa nipeli. Pini ya juu ilitoka kwa kuivutavuta, na kwenye ncha ina kiraba cha urefu wa ukucha, kimekunjamana. Nikaenda upande wa kushoto kulinganisha: kule yenye raba iko chini. Yaani niliishika mkononi Jumamosi, nikaipaka grisi, na sikuiona raba. Nimenunua raba mpya, nimerudisha kila pini nyumbani kwake, na kalipa sasa naisukuma kwa kidole gumba inakwenda na kurudi.

Pedi za kulia ukingoni zimekuwa nyeupe na zinamomonyoka, kwa hiyo nimeweka mpya pande zote mbili. Nimetembea kilomita 10 zilezile, nikashuka, nikashika rimu zote kama mtu anayepima homa ya watoto. Sawasawa, vuguvugu.

Kilichobaki ni diski ya kulia, ina mabaka ya bluu. Pembeni imechongwa namba ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, lakini mimi cha kupimia sina, na kama imepinda siwezi kujua kwa macho. Kwa hiyo hilo nimelipeleka gereji, nyingine, si ile ya taa. Fundi kapima sehemu sita kuzunguka diski, kasema inafaa. Halafu akachungulia kwenye boneti, akauliza nani alifunga hizi breki.

Nikasema, fundi mmoja hivi.

Akasema, "Mwambie kazi yake nzuri, ila kifuniko cha mafuta ya breki kakiacha kimelala juu ya betri."

Kimelala hapo tangu Jumamosi. Mafuta mapya nimeshanunua, na suala la kutoa upepo nitalifungulia uzi wake.