Ajenti anataka 380,000 za kazi ya kutunza wazee Uingereza. Nilipe?

Nyar Nyalenda: Habari zenu. Nina cheti cha kutunza wazee, na kwa miaka mitatu nilimtunza nyanya mmoja Milimani, hapa Kisumu, hadi alipofariki Machi. Sasa ajenti mmoja mjini anasema nimepata kazi kama hiyo karibu na Leeds, visa itatoka baada ya wiki sita. Anataka shilingi 380,000, nusu sasa, nusu visa ikitoka. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe wawili kule Ahero, na chama kimekubali kunikopesha. Pasipoti ninayo, alama za vidole za cheti cha tabia njema nilitoa Huduma Centre wiki jana. Nisipolipa kufikia Ijumaa, eti nafasi anapewa mwingine. Naogopa kulipa, na naogopa kukosa.

Muuguzi Nakuru: Dada, usitoe hata shilingi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haipokei tena maombi mapya ya watunzaji wanaotoka nje. Sisi wauguzi njia yetu bado ipo, ila ni ndefu: mtihani wa Kiingereza, usajili wa NMC (baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza), kipimo cha kifua kikuu, na hati ya udhamini ya mwajiri. Orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Muulize huyo ajenti jina la mwajiri.

Nyar Nyalenda: Nilimuuliza. Akasema ni siri ya kampuni mpaka nilipe.

Mama Shiru, Kakamega: Mwanangu, mimi nilipelekwa Riyadh kwa visa ya matembezi, nikaambiwa nitabadilishiwa nikifika. Haikubadilishwa. Miezi minne bila iqama, kile kibali cha kuishi Saudia, kila nikiona polisi barabarani tumbo linakata. Kabla ya kulipa, tafuta jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na liwe lile lile la kwenye risiti, si linalofanana nalo. Wangu alikuwa na ofisi nzuri yenye kapeti. Leseni hakuwa nayo.

Nyar Nyalenda: Asante mama. Nimetoka kumpigia mamangu simu, ng'ombe hawauzwi. Muuguzi, Ujerumani je?

Muuguzi Nakuru: Ipo visa ya kusomea uuguzi huku ukilipwa. Lakini anza na Kijerumani, angalau kiwango cha B1, yaani cha kati. Nitumie ujumbe, nikueleze nilivyoanza.