Naomba ushauri: urea ya kukuzia mahindi kwenye udongo unaotuamisha maji
Wakuu, shamba ni la mahindi, udongo mfinyanzi. Urea mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari una naitrojeni kilo 23. Kwa kadirio la kawaida kwamba asilimia 1 ya naitrojeni hiyo hugeuka gesi, hutoka takriban gramu 360 za naitrasi oksaidi (uzito wa oksijeni ukijumlishwa), gesi ambayo hupasha joto anga mara 273 ya kaboni dayoksaidi, yaani sawa na kilo 99 hivi za kaboni dayoksaidi. Kufukia sentimita 5 hadi 7 hupunguza upotevu wa amonia, lakini maji yakituama, bakteria waliokosa oksijeni hugeuza naitreti (umbo ambalo naitrojeni ya urea huishia udongoni) kuwa gesi. Mbolea ya CAN (kalsiamu amonia naitreti) naihofia zaidi, maana naitreti imo tayari. Je, nigawe urea mara mbili, wiki ya 3 na ya 6, au nianze na matuta na mifereji?