Naomba ushauri: mbao ya mihimili ya uso wa gitaa

Wakuu, naunda gitaa langu la kwanza la nyuzi za chuma. Uso ni wa mwerezi, na mihimili ya ndani (vijiti vinavyogundishwa chini ya uso kuuimarisha) nataka ikae kwa umbo la X. Nina vipande viwili vya mbao ya sprusi (mti wa jamii ya msonobari). Kimoja kizito kidogo, kigumu kupinda. Kingine chepesi, nikikigonga kinalia vizuri mno, ila nyuzinyuzi zake zinakwenda mshazari, na hapo ndipo naogopa, maana mhimili wa namna hiyo hupasuka kirahisi. Najua kimo cha mhimili kikiongezeka mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 8, kwa hiyo kile kizito naweza kukipunguza kimo. Nikitumie hicho, au hiki chepesi nikipasue kwa patasi kufuata nyuzinyuzi zake? Sitaki uso uvimbe, wala sauti ife.