Wakuu, rimu za aloi zimebaki na ukungu mweupe baada ya kuosha gari nyumbani. Nifanyeje kabla ya Jumapili?

Kitasa wa Tabata (mleta mada):
Habari za humu wakuu. Leo nimeosha gari nyumbani, bodi imetakata, ila rimu zilipokauka zimekuwa kama zimepakwa majivu. Ni Forester nyeusi, aloi inchi 17. Nikizilowesha zinapendeza, zikikauka ukungu unarudi. Nahitaji zing'ae kabla ya Jumapili. Dawa gani nichukue dukani, isizidi elfu thelathini?

Mama Kisima:
Hayo ni maji ya kisima, kaka. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, gari likikaukia juani chumvi inabaki juu. Siki nyeupe kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, futa, subiri dakika mbili, suuza. Siku nyingine osha kivulini na ukaushe kwa taulo la maikrofaiba papo hapo. Kuacha gari likauke lenyewe ndiko kunakoharibu.

Diski Moto:
Siyo lazima iwe chumvi. Brekipedi na diski zinamwaga chembe za chuma, zinanasa kwenye rimu ikiwa ya moto, halafu zinapata kutu humo humo. Tafuta dawa ya kuyeyusha chuma, ile isiyo na asidi. Nyunyiza kwenye rimu baridi, subiri dakika tatu hadi tano, itageuka zambarau, sugua kwa brashi laini, suuza kabla haijakauka. Harufu yake ni ya mayai viza, usishtuke.

Spana 21:
Mnatibu mgonjwa ambaye hajapimwa. Mleta mada, rimu umeziosha na NINI?

Kitasa wa Tabata:
Sabuni ya kawaida, mkuu. Na dawa ya rimu.

Spana 21:
Dawa ya rimu ina jina. Soma lebo.

Kitasa wa Tabata:
Haina lebo. Ni ile ya kwenye chupa ya maji, ya kung'arishia vigae. Nimezimua na maji kidogo, nikapaka, nikaacha kama dakika kumi. Ilikuwa inachemka vizuri, nikajua uchafu unatoka. Na msianze kunisema, kawoshi za mtaani zinaitumia kila siku. Mpango ninao tayari: nasugua na stilwaya, namalizia na jiki kutoa weupe, halafu napiga rangi ya kopo. Makopo mawili ya silva nimeshanunua. Nilitaka kujua tu kama kuna dawa ya kuniokolea muda.

Diski Moto:
JIKI WEKA CHINI. Dawa ya vigae ya namna hiyo kwa kawaida ni asidi ya haidrokloriki. Ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na wewe umeinamia gurudumu, pua iko sentimita thelathini. Hata ukidhani umesuuza, asidi inabaki kwenye matundu ya nati na nyuma ya spoku.
Stilwaya nayo acha. Nyuzi zake zinakatikia kwenye alumini, baada ya wiki una vidoti vya kutu ambavyo havikuwepo.

Mzee wa Busara Kiasi:
Vijana wa siku hizi mnapenda kung'aa kuliko kufika. Gari ni injini na breki.

Chapati Mbili:
Mzee, breki zenyewe ndizo zimenyweshwa asidi 😂

Spana 21:
Umecheka lakini ni kweli. Asidi inaamsha kutu kwenye diski na kula mpako wa nati. Kitasa, fanya hili sasa hivi: suuza kila gurudumu kwa maji mengi, mbele na nyuma. Kisha vijiko viwili vya chakula vya baikaboneti ya kuokea kwa lita moja ya maji, mwagia, acha dakika tano, suuza tena. Baikaboneti, siyo magadi wala kostiki. Alumini inaliwa na asidi kali na inaliwa na alkali kali pia. Ukimaliza, endesha mwendo mdogo ukikanyaga breki mara kadhaa zikauke.

Hakimu wa Gereji:
Samahani, mimi hii hadithi siinunui. Rimu ya kiwandani ina klia juu, ile rangi angavu ya kinga. Asidi ya vigae kwenye klia nzima haichemki, inatiririka tu. Mpaka ichemke lazima iguse alumini tupu. Na mleta mada anasema zimepauka zote, sawasawa. Klia za rimu nne hazibanduki kwa siku moja. Ama rimu zilikuwa tupu tangu mwanzo, ama hapa tunaandaliwa tangazo la dawa ya "nano", hizo za kupaka zinazosifiwa kung'arisha kila kitu, kesho ataibuka mtu na namba ya simu.

Chapati Mbili:
Mimi nimeshajiandaa kuagiza hiyo nano. Usiharibu.

Mama Kisima:
Hakimu kauliza la maana. Kaka, jibu.

Kitasa wa Tabata:
Siuzi chochote jamani. Sawa. Klia ilikuwa imeshaanza kubanduka kingoni, kulikuwa na utando mweupe kama minyoo unatembea chini yake. Mwezi uliopita fundi akazipiga mashine zote nne hadi zikawa kama kioo. Akasema klia tena ya nini, itafifisha. Na zilikuwa zinang'aa kweli, kwa hiyo sioni kosa la fundi. Tatizo ni kwamba gari ni la shemeji, yuko safari, anarudi Jumapili. Yeye anajua rimu zina klia.

Mzee wa Busara Kiasi:
Mali ya shemeji!

Hakimu wa Gereji:
Basi naondoa shitaka la tangazo. Sasa kila kitu kinaeleweka. Hiyo minyoo ni kutu ya alumini inayoingia pale klia ilipokwaruzwa, na hewa ya pwani yenye chumvi inaikimbiza. Fundi kaondoa kutu na kinga pamoja. Ukungu ulionao ni alumini iliyochimbwa na asidi, hakuna dawa ya kupaka itakayouondoa. Ni msasa.
Njia mbili. Ya kwanza, kung'arisha tena: msasa wa maji namba 800, 1000, 1500, 2000, kila namba ifute mikwaruzo ya iliyopita, kisha pasta ya kung'arishia metali, kisha nta. Itapauka tena upesi kwa sababu haina kinga. Klia juu ya alumini iliyong'arishwa kama kioo haishiki vizuri, usiijaribu.
Ya pili, rangi. Kwa gari la mtu, hii ndiyo.

Kitasa wa Tabata:
Ndiyo niliyosema mimi. Nafunika tairi na gazeti, napuliza.

Hakimu wa Gereji:
Hapana. Kopo la silva peke yake kwenye alumini tupu litabanduka kama ganda la kitunguu. Toa gurudumu, gari likae juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Futa mafuta kwa tina, msasa 320 hadi uso wote uwe mkavu usiong'aa, futa tena. Praima ya kung'ata alumini, mkono mmoja mwembamba. Praima ya kawaida, ikikauka pitisha msasa 600. Silva mikono mitatu myembamba, dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Klia yenye hadina (kigumishi) mikono miwili. Hiyo klia ivalie barakoa ya katriji, kitambaa hakizuii mvuke wake. Puliza rangi unyevu wa hewa ukishapungua, mvua ikinukia acha, klia itageuka maziwa.
La muhimu kuliko yote: ziba kwa tepu viti vya nati (pale nati inapokalia rimu) na sehemu ya nyuma inayokaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Rangi nene hapo inajibana baadaye, nati zinalegea ukiwa barabarani. Ukishafunga, endesha kilomita 50 hadi 100, kisha kaza tena.

Kitasa wa Tabata:
Nashukuru. Stendi sina, nitaangalia. Nimeona pia kwenye madigadi ya mbele kuna vidoti vilivyofifia, nadhani ni matone. Nipitishe msasa huo huo?

Diski Moto:
Usithubutu. Klia ya bodi kwa kawaida ni kama maikroni (elfu ya milimita) 40 hadi 50 tu, msasa 800 unaimaliza. Pitisha ukucha: usipokwama, kampaundi laini (pasta ya kung'arishia rangi) kwa mkono inatosha, kisha nta. Ukikwama, mpe fundi rangi. Weka tepu kwenye kingo za madigadi kwanza, hapo ndipo rangi nyembamba zaidi.
Na kuanzia sasa: rimu kwanza, bodi baadaye, ndoo ya rimu isiguse bodi. Shampuu ya gari, siyo Omo, inakula nta. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, anza juu ya paa ushuke.

Kitasa wa Tabata:
Na matairi nipake dizeli yang'ae?

Spana 21:
Dizeli inavimbisha mpira. Maji na sabuni, basi.

Chapati Mbili:
Shemeji akizikataa hizo rimu, nione inbox. Matundu matano?