Overtone au cl-patterns: ipi inakupa udhibiti wa kuanzisha na kusimamisha mdundo jukwaani?

Zumari: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi ya wiki ijayo nina dakika 20 jukwaani, naandika muziki kwa Lisp (familia ya lugha za programu) huku watu wakiona skrini. Lazima nichague leo nianze mazoezi: Overtone (ya Clojure) au cl-patterns (ya Common Lisp)? Nataka kusimamisha mdundo mmoja bila kuvuruga mingine.

BintiMrima: Mkuu, hujasema unajua Lisp ipi wala kompyuta yako ikoje. Na "kusimamisha" kwako ni kukata papo hapo au kuacha mzunguko uishe? Hayo ni mambo mawili.

MabanoMengi: Chukua cl-patterns. Kila mdundo unaupa jina kwa `pdef`, kisha unauagiza kwa jina hilo. `play` unaanza, `stop` unakatika pale pale, `end` unamalizia mzunguko ndipo unanyamaza. Ukiuandika upya huku unapigwa, wa zamani unamalizia kwanza. `quant` ndiyo inayoamua uingie pigo la ngapi, kwa hiyo hata mkono ukichelewa huingii ovyo.

Kibindo: TidalCycles je? `d1 silence` unanyamaza mmoja, `hush` yote. Imeisha.

MabanoMengi: Hiyo inaandikwa kwa Haskell, lugha nyingine. Kauliza Lisp.

FundiSauti: Mimi nimepiga na Overtone, na usiku ule sitausahau. Kule mdundo ni funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) inayojiita yenyewe: inapiga, kisha kwa `apply-by` inajipangia zamu ya pigo linalofuata. Nilikuwa na `defn` (maandishi ya funksheni) ya ngoma, na chini yake mstari wa kuianzisha. Kila nilipobadilisha kitu nilituma vyote viwili pamoja. Kumbe kila badiliko lilizaa nakala mpya juu ya ile ya zamani! Baada ya mabadiliko matatu ngoma zilikuwa nne zinagonga kwa mpigo, sauti ikapasuka. Nikatuma `stop`. Kikanyamaza kila kitu, hata besi ambayo haikuwa na kosa, maana `stop` ya Overtone inazima sinthi zote na foleni yote ya yaliyopangwa. Ukumbi kimya, watu wananitazama, mikono inatetemeka.

Dawa nilikuja kuijua baadaye. Unaandika upya funksheni ile ile iwe tupu. Kila nakala ikifika zamu yake inakuta hakuna kitu, inakufa, besi inaendelea. Ila ili ishike kwenye zamu inayofuata, uwe umeipa `apply-by` `#'ngoma`, na alama zake mbili mbele. Ukipitisha jina peke yake, zamu iliyokwisha kupangwa inaishikilia funksheni ya zamani na maandishi yako mapya yanachelewa zamu moja.

BintiMrima: Pole sana, kaka. Lakini mbinu yenyewe haina ubaya. Andrew Sorensen, mpiga muziki wa msimbo, anapiga hivyo hivyo tangu enzi za programu yake Impromptu, na sasa Extempore.

Kibindo: Hivi Clojure nayo tunaihesabu Lisp? Inaishi juu ya Java.

MabanoMengi: Ni Lisp, ila kuwaka kwake kunachosha. SBCL, inayoendesha Common Lisp, unaiwasha na kuanza kazi.

FundiSauti: Kuwaka ni mara moja tu, mkuu. Na sauti ya Overtone na cl-patterns inaweza kutoka SuperCollider ile ile, programu ya kutengeneza sauti.

Zumari: Samahani, nilisahau. Linux, RAM 4GB. Clojure najua kiasi, Common Lisp sijawahi kuigusa. Besi nataka ikatike papo hapo, ngoma zimalizie.

MabanoMengi: Si ndiyo `stop` na `end` hizo! Umejijibu.

FundiSauti: Kwa siku chache hizi ajifunze lugha mpya? Baki Clojure. Tenganisha `defn` na mstari wa kuanzisha, na kila mdundo uupe `atom` yake (thamani inayobadilishika) ya kuuzima.

BintiMrima: Kwa cl-patterns, Emacs (kihariri cha msimbo) unaitumia? Bila SLIME, nyongeza yake ya Common Lisp, utahangaika kutuma mistari.

Kibindo: Emacs si lazima. Vim, kihariri kingine, ina Slimv ya kazi hiyo hiyo.

BintiMrima: Kwa mtu anayeanza, na jukwaa liko mlangoni? Hapana.

Zumari: Emacs ninayo. Nimejaribu cl-patterns sasa hivi, ila cl-collider (inayoiunganisha Common Lisp na SuperCollider) inakataa kuwasha seva ya SuperCollider. Kuna aliyewahi kukutana na hili?